Vileja vya Kumi la Mwisho

Kila Ramadhani inapoingia kumi la mwisho, katika darsa za baada ya alasiri husikika lawama ile ile: wanawake wameacha kuutafuta Usiku wa Cheo, wamo jikoni wanapika vileja. Nimeisikia tangu nikiwa msichana, na sasa nina wajukuu. Anayelaumu hakosi hoja. Usiku wa Lailatul Qadri umetajwa katika Kurani kuwa unaishinda miezi elfu, nayo ukiihesabu ni miaka 83 na miezi 4, umri ambao wengi wetu hatuufikii. Mtu mwenye akili zake atauachaje usiku huo umpite kwa ajili ya unga wa mchele na samli? Swali hili nalichukua kwa uzito, na ndiyo sababu sipendi lijibiwe kwa karipio.

Kwanza tuijue kazi yenyewe, maana wengi wanaoihukumu huikuta imekwisha, iko mezani juu ya kitambaa kilichopigwa pasi. Vileja huanza na mchele. Huoshwa, hurowekwa, hutandazwa ukakauka, hutwangwa au hupelekwa mashine, kisha unga huchekechwa mpaka usihisi chembe kati ya vidole. Samli hupigwa na sukari kwa mkono mpaka igeuke rangi, iwe nyeupe. Halafu mayai, halafu hiliki iliyotwangwa papo hapo, halafu unga kidogo kidogo. Donge likiwa kavu kileja hupasuka kikiingia motoni. Samli ikizidi hutambaa, kikatoka bapa. Hakuna kipimo cha kukuondolea wasiwasi huo, kwa sababu mchele wa mwaka huu si wa mwaka jana. Mama yangu alikuwa akilifinya donge kiganjani, akilifungua, akiitazama alama ya vidole vyake. Isipopasuka pembeni, basi, linatosha. Nami mpaka leo nafanya hivyo hivyo, ingawa nina oveni ya gesi, na yeye alioka kwa seredani na makaa aliyoyapalia juu ya bati.

Haya yote hufanywa na mtu aliyefunga. Hiliki inanukia nyumba nzima saa tisa mchana, samli imejaa mikononi, na aliye kazini hajatia kitu mdomoni tangu daku. Anapika chakula kitamu kuliko vyote vya mwaka na hakigusi. Wakati mwingine najiuliza kama kuna darsa ya saumu iliyo wazi kuliko hii.

Na kuonja je? Wanavyuoni wamemruhusu mpishi mwenye haja aonje kwa ncha ya ulimi na kutema. Nyumbani kwetu njia ilikuwa nyingine. Katika nyumba yenye wanawake wengi hakosekani mmoja mwenye udhuru, ambaye siku zile hasali wala hafungi. Mwaka mmoja alikuwa shangazi yangu, na udhuru ulimwingilia karibu na usiku wa 27. Alikaa pembeni ya ua juu ya mkeka, kimya, amenuna kwa huzuni, kwa sababu alikuwa ameungojea usiku ule mwaka mzima. Bibi yangu akachukua bakuli la donge, akaliweka mbele yake. "Mwanangu, leo wewe ndiye mwenye ulimi," akamwambia. "Tuambie sukari imefika." Shangazi akaonja, akasema bado. Ikaongezwa, akaonja tena. Nyumba nzima ikawa inamtegemea yeye.

Nilipokuja kusoma Hadithi ya Ummu Atiyya, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, nilimkumbuka bibi. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliamrisha wanawake watoke kwenda kwenye uwanja wa sala ya Idi, hata wenye hedhi. Hao hawatasali, watajitenga na safu, lakini wawepo, waione kheri ya siku ile na dua za Waislamu. Basi mlango wa kuingilia siku hiyo si sala peke yake. Yuko mtu asiyeweza kusali naye kaitwa. Bibi hakuwa mtu wa vitabu, lakini alipoliweka lile bakuli juu ya mkeka alimtafutia shangazi sehemu yake ya kheri mahali ilipopatikana.

Nasema hivyo bila kutaka kuigeuza nia kuwa kibali cha kila kitu. Hadithi ya nia, iliyopokewa na Sayyidna Umar bin Khattab na kuwekwa na Imamu Bukhari mwanzo kabisa wa kitabu chake, tunaijua kwa moyo tangu chuoni. Tunaisema kwenye udhu, kwenye sala, kwenye safari ya Hija. Jikoni hatuisemi sana. Ingefaa tuiseme, kwa maana mbili: iitukuze kazi inayostahili, na iikamate ile isiyostahili. Unga ule ule, samli ile ile, mmoja anapika ili watoto wa jirani wapate kitu mkononi Sikukuu Mosi, mwingine anapika ili wageni waseme meza yake imezishinda meza zote za mtaa. Ukivitazama vileja huwezi kuwatofautisha.

Lakini kuna jambo ambalo wenye lawama hulipita haraka. Siku ya Idi kufunga ni haramu. Anas bin Malik kasimulia kwamba Mtume hakuwa akitoka kwenda kuisali Idi ya Mfunguo Mosi mpaka ale tende, na alizila kwa idadi ya witiri. Yaani siku yenyewe inafunguliwa kwa kula. Furaha hapa imo katika sheria, sawa na njaa ya jana yake. Sasa, ikiwa furaha ni wajibu wa watu wote, haiandami pamoja na mwezi. Kuna mtu anayeiandaa, na maandalizi yake yanakuja kabla, yaani ndani ya Ramadhani, ndani ya kumi lile lile tunalolisemea. Huwezi kuisifu Idi na kumlaumu aliyeifanya iwezekane.

Katika vyote tunavyooka, ninaoupenda zaidi ni mkate wa kumimina, na huu una elimu yake. Mchele unarowekwa, unasagwa kwa tui zito na hiliki, unatiwa hamira, unaachwa uumuke. Vileja huweza kungoja wiki mbili ndani ya kopo, mkate huu haungoji. Unatakiwa uwe mpya asubuhi ya Idi, na Idi yenyewe hatujui ni lini. Mchana wa mwezi 29 unasimama na mchele mkononi: niroweke, nisiroweke? Mwezi ukiandama usiku na hukuroweka, asubuhi huna mkate. Ukiroweka na mwezi usionekane, tutakamilisha 30, na unga umeshaumuka. Mama aliroweka kila mwaka. Mwezi usipoonekana, mkate ule ulipikwa ukaliwa daku, na kesho yake akaroweka mwingine. Kwangu hiyo ndiyo maana ya kujiandaa kwa jambo lililo mikononi mwa Mungu: unafanya lako kwa ukamilifu bila kumdai Yeye tarehe.

Kisha kuna kule kuugeuza. Unga unamiminwa ndani ya sufuria iliyopakwa samli, juu ya makaa ya wastani. Unaanza kushika pembeni, vitundu vinachomoza juu, katikati bado unatetemeka kidogo. Hapo ndipo sufuria inapopinduliwa kifudifudi juu ya makaa, mdomo chini, ili uso wa mkate upate rangi. Ukiwahi, mkate wote unamwagikia motoni. Ukichelewa, chini unaungua na juu hauchukui rangi. Mkono hauna nafasi ya kusita. Mkaa wa kazi hii tunaupandisha ngazi, maana sisi tunakaa katika yale majumba marefu ya Michenzani, na moshi wake majirani wa juu na wa chini wanaujua ni wa nini.

Mwanzoni mwa miaka ya 70, nikiwa mtoto, hapa Unguja mchele, unga wa ngano na sukari vilikuwa vitu vya foleni. Mama alidunduliza sukari tangu Rajabu, kijiko kijiko, ndani ya kopo la maziwa lililofichwa juu ya kabati. Mwaka mmoja hakukuwa na nyumba iliyokuwa na kila kitu. Sisi tulikuwa na sukari, nyumba ya pili samli, ya tatu mchele. Wakakutana uani kwetu, wakapika pamoja, vileja vikatoka vidogo na vichache. Sahani ya kwanza ilipelekwa kwa mzee mmoja mjane wa mtaa ule, ambaye hakuchangia chochote kwa kuwa hakuwa nacho. Nilikuwa nalia, nataka ya kwanza iwe yetu. Mama hakunigombeza. Alinikabidhi sahani niipeleke mimi.

Sheria imelitangulia tendo la mama. Kabla ya sala ya Idi, kila mwenye uwezo hutoa zaka ya fitri kwa kila kichwa cha nyumba yake, pishi moja ya chakula, ambayo ni vibaba vinne, na kwetu huwa mchele. Hata mtoto aliyezaliwa jana anatolewa. Lengo moja ni kwamba siku ile maskini asizunguke akiomba. Lakini mchele wa zaka unamtosheleza njaa tu, bado hajasherehekea. Sahani ya vileja na kipande cha mkate inayofunikwa kwa kawa na kupelekwa mlango kwa mlango ndiyo inayomwambia kwamba naye ni mwenye Idi. Zaka ina kipimo na ina wanaostahiki. Sahani haina. Mimi hupeleka pia kwa jirani yangu wa ghorofa ya chini, Mkristo kutoka bara, na desturi ya pwani anaijua: sahani hairudi tupu. Krismasi hunijia na maandazi na keki yake, bado ya moto. Wako wanaosema kupeana kwa kurudishiana kumekuwa biashara. Sioni hivyo. Biashara huisha mkishalipana, na mimi naye miaka yote hii hatujamaliza.

Sasa nirudi kwa wanaotukaripia, kwa sababu upande mmoja wamesema kweli. Nimeona nyumba ambamo mama hulala juu ya mswala akiwa bado ana unga kwenye kucha, hana nguvu ya rakaa mbili. Nimeona mashindano ya meza, keki za kuagiza kwa pesa za mkopo, picha zinazopigwa kabla ya mtoto kuruhusiwa kugusa. Usiku ule ukipita hivyo, ni hasara, na haifai kuipamba.

Ila hasara hiyo tuipime yote. Bi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, amesimulia kwamba kumi la mwisho likiingia, Mtume alikuwa akikesha na akiwaamsha watu wa nyumba yake. Hii husomwa kila mwaka. Na ni Bi Aisha huyo huyo aliyeulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, akajibu kwamba alikuwa katika kuwatumikia watu wake, na wakati wa sala ukifika hutoka kwenda kusali. Hii haisomwi sana katika kumi la mwisho. Aliyewaamsha wakeze kwa ibada ndiye aliyebeba nao kazi za nyumba. Sisi tumechukua nusu: tunaamshwa, na kazi tumeachiwa.

Nyumbani kwangu tumepanga upya. Vileja, visheti na tambi humalizika kabla ya tarehe 20 ya Ramadhani, vinaingia makopo, jiko linapumzika. Mikesha inabaki ya sala. Usiku wa mwezi kuandama unabaki mkate wa kumimina tu, na nazi wanakuna wanangu wa kiume, na mjukuu wangu aliyeingia kidato cha kwanza ndiye sasa anayepindua sufuria, kwa sababu viganja vyake vinastahimili joto na macho yake yanaona vitundu vizuri kuliko yangu. Anaitikia takbira kwa sauti, huku vitambaa vya sufuria viko mkononi.

Ombi langu kwa masheikh wetu ni dogo. Mwaka ujao mkifika kwenye darsa ile, isomeni lawama yenu kama mlivyozoea, kisha someni na Hadithi ya pili ya Bi Aisha kwa sauti hiyo hiyo, na mwaambie wanaume waliokaa mbele yenu kwamba mbuzi ya kukunia nazi nayo ni kiti cha kukalia.