Mvua ya Ororo na Mvua ya Paya

Hosteli kwetu kuna kitabu cha katuni kinachopita mkono kwa mkono. Ni kisa cha Ororo, yule anayejulikana zaidi kwa jina la Storm. Alitokea mara ya kwanza mwaka 1975 katika Giant-Size X-Men, iliyoandikwa na Len Wein na kuchorwa na Dave Cockrum. Profesa Xavier anamkuta Kenya, ng'ambo tu ya mpaka wetu, wanakijiji wakimwomba mvua. Wanamwita mungu. Naye anaitika.

Nilipoonyeshwa ukurasa ule nilisema: shirki hiyo, kifunge. Na ni shirki kweli. Katika Surat al-Waqia tunaulizwa ni nani anayeyateremsha maji tunayokunywa kutoka mawinguni, na jibu halina mshirika. (Hata Wanganyi wa Vihiga, wanaoitwa waleta mvua, kazi yao kubwa ni kusoma dalili za miti, ndege na wadudu, na Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya imeshirikiana nao kutabiri misimu.)

Lakini usiku nilikumbuka la kwetu Paya. Mwaka mmoja mvua ilichelewa, wimbi likanyauka shambani. Tukatoka kuswali istiskaa, na siku ya tatu ikanyesha. Majirani wakaja kumshukuru imamu kwa kuleta mvua. Mzee akakataa katakata. Akasema yeye ni mwombaji kama wao. Mimi ndiye niliyekwenda sokoni kujigamba kwamba msikiti wetu una mvua yake.

Katika hadithi ya Zaid bin Khalid, waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) alieleza baada ya mvua ya Hudaybiya tofauti ya anayeinasibisha mvua na fadhila za Allah na anayeinasibisha na nyota. Mimi sikutaja nyota. Nilitaja msikiti. Sijioni kuwa mbali sana na wale wa nyota.

Ndiyo maana nilikifungua tena kitabu. Xavier anamwambia Ororo kwamba yeye si mungu. Baadaye Chris Claremont anampa nasaba: mama Mkenya, baba Mmarekani, yatima aliyekuwa mwizi mdogo katika mitaa ya Cairo. Mwaka 1984 anapigwa na silaha inayomnyang'anya uwezo wote. Hata upepo haumtii. Mwaka 1986, bado mikono mitupu, anamshinda Cyclops na kupewa uongozi wa kundi. Huyu wa pili ndiye ninayemheshimu. Mvua ilipoondoka, alibaki mtu.

Mwenzangu wa chumbani anapinga. Anasema ujasiri na akili navyo ni vya kupewa, kwa hiyo nimehamisha kiburi tu kutoka mawinguni hadi kifuani. Ana haki, na bado najadiliana naye.

Ila kuna deni ambalo halihitaji mjadala. Muuza mukene pale sokoni huniita Mwenye Mvua kila ninaporudi likizo, na mpaka leo naitika.