Siku Saba Bila Neno

Usiku wa manane, mahali fulani Australia, mtu aliyelemewa moyoni anapiga simu. Tangu mwaka 2022 ipo huduma iitwayo 13YARN, ambapo Waaborijini na wenyeji wa Visiwa vya Torres Strait huwasikiliza ndugu zao usiku na mchana. Anayepokea hana haraka. Huenda wakaanza kwa kuulizana kwao ni wapi na jamaa zao ni akina nani, maana kwao afya ya moyo haitengwi na ukoo, ardhi na wahenga.

Kwa nini mwenye jeraha atafute kwanza sauti ya wa kwao? Kuanzia karibu mwaka 1910 hadi miaka ya 1970, serikali ziliwapokonya mama wa Kiaborijini watoto wao. Ripoti ya mwaka 1997 ilikadiria kuwa alichukuliwa mtoto mmoja kati ya kila kumi, pengine hata mmoja kati ya kila watatu. Baadhi ya makao walikopelekwa yaliendeshwa na makanisa, kwa jina la Bwana yuleyule tunayemwabudu wewe na mimi. Inaniuma kuliandika hili. Mama wa namna hiyo atafunguaje kinywa mbele ya mgeni mwenye faili mkononi?

Tarehe 13 Februari 2008 Waziri Mkuu Kevin Rudd aliomba radhi bungeni, na wengi walilia. Hata hivyo, msamaha haudaiwi. Aliyeumizwa ana saa yake. Aliyeumiza hungoja huku akitenda mema. Je, sisi tunaweza kungoja hivyo?

Wema mmojawapo ni kuwaachia wenyewe waongoze uponyaji wao. Mwaka 1971, mtaani Redfern, Sydney, Waaborijini walianzisha huduma yao ya afya. Huko jangwani katikati ya nchi, waganga waitwao ngangkari huwawekea wagonjwa mikono, na baadhi yao hushirikiana na madaktari. Najua wapo wanaosita wakisikia habari za waganga. Nawaomba tusikilize kabla ya kuhukumu.

Hivyo ndivyo rafiki za Ayubu, katika Biblia, walivyoanza: walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno. Walipoanza kumweleza chanzo cha mateso yake ndipo walipomzidishia maumivu.

Wiki hii, ni nani karibu nawe amekuwa kimya kuliko kawaida yake? Mwendee, na mahubiri uyaache nyumbani. Muulize habari za watu wake. Ukiaga, mwambie siku utakayorudi, kisha urudi.