Tafakuri ya Ramadhani 19: Hata anayeikimbia, nuru inamfikia



Jana baada ya tarawehe kijana mmoja alinitumia ujumbe: "Ustadh, mwaka huu Ramadhani haina ladha kabisa. Nahisi nuru imenikimbia." Nimemuomba ruhusa nimjibu hapa bila kumtaja jina, maana najua hayuko peke yake. Safu zetu za usiku mnaziona wenyewe zilivyopungua.

Tuanzie mwaloni. Asubuhi boti za dagaa zinaporudi, sikiliza injini moja tu. Ikija upande wako, mlio ni mwembamba, mkali. Ikishakupita, mlio unashuka, unakuwa mzito. Je, nahodha kapunguza moto? Hapana. Aliyemo ndani ya boti anasikia mlio ule ule. Ikikusogelea, mawimbi ya sauti yanakufikia yamebanana. Ikienda mbali, yanakufikia yameachana. Jambo hili alilieleza Christian Doppler wa Austria mwaka 1842.

Nuru nayo ina tabia hiyo. Nyota inayotukaribia, nuru yake inaelemea rangi ya buluu. Inayokwenda mbali, inaelemea nyekundu. Lakini hapa sikilizeni vizuri, jamani. Sauti ukiifuata, mnakutana upesi. Ukiikimbia, inachelewa kukupata. Nuru sivyo. Mwaka 1905 Albert Einstein alisema, na vipimo vikaja kuthibitisha: uwe umesimama, unaikimbilia au unaikimbia, ukiipima nuru katika anga tupu utakuta kasi ile ile, karibu kilomita 299,792 kwa sekunde. Kinachobadilika ni rangi, siyo kasi.

Madereva wa barabara kuu ya Bunda mnaijua tochi ya trafiki. Zile za rada hutuma mawimbi ya jamii moja na nuru. Yanaligonga gari, yanarudi yamebadilika kidogo, na badiliko hilo ndilo linalotaja mwendo wako. Trafiki kasimama pale pale. Huwezi kumwambia, "Afande, tochi yako ndiyo iliyokuwa inakimbia."

Sasa kijana wangu. Mwenyezi Mungu hafananishwi na chochote, na nuru ya nyota ni kiumbe chake tu. Huu ni mfano. Qur'ani unayoisikia usiku huu ndiyo ile iliyokuliza miaka ya nyuma. Haikubadilika hata herufi. Basi ukiisikia nzito, usiulize Ramadhani imepatwa na nini. Jiulize: mimi naelekea wapi? Ni simu baada ya futari? Ni deni ninalolikwepa? Ni ndugu yangu nisiyesema naye? Hata mimi ninayewasalisha, kuna usiku nasoma huku akili iko kwenye ada za watoto. Mgonjwa na mfiwa wasijilaumu. Uchovu siyo kumkimbia Mola.

Na bishara ni hii. Anayeikimbia nuru, nuru haimpunguzii mwendo. Kama kiumbe tu kiko hivyo, itakuwaje rehema ya Muumba wake? Toba ya aliye mbali haipangwi foleni nyuma ya toba ya mcha Mungu. Mnaijua ile hadithi ya shubiri na dhiraa: ukisogea kidogo, unasogelewa zaidi. Kazi yako ni kugeuka.

Kesho jua likizama tunaingia kumi la mwisho. Leo fanya jambo moja dogo: mpigie uliyenuniana naye, au lipa hata nusu ya deni. Kisha njoo Isha, hata ukikaa safu ya mwisho karibu na viatu. Nitafurahi kukuona.

Ewe Mola, tugeuze tukuelekee Wewe, wala usituache tukazoea umbali. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Mfikishie na mwenzako ambaye hajaonekana msikitini siku hizi.