Theluji Huyeyuka, Chumvi Hubaki

Siku tuliyolifikisha gari nyumbani Kilwa Masoko, watoto walilipekua kama wanavyopekua mzigo wa mgeni. Chini ya zulia la buti, pembeni ya tairi la akiba, wakachomoa kitu cha plastiki cha rangi ya buluu: mpini wa urefu wa mkono, upande mmoja una brashi ngumu, upande wa pili una ubapa mpana wenye makali. Hakuna aliyekijua. Mwanangu wa pili akasema ni ufagio wa Kijapani. Mama yangu akakipokea, akaujaribu ule ubapa kwa kidole gumba, akaondoka nacho kwenda jikoni. Jioni ile changu waliparwa wakatakata, gamba halikubaki hata moja chini ya mapezi.

Gari lenyewe lilikuwa Toyota Noah nyeupe, ya watu saba. Nililinunua Dar es Salaam kwa pesa ya ufuta wa misimu miwili na mkopo kidogo juu yake. Nilitaka linalovuta matairi yote manne, na nilikuwa na sababu. Barabara yetu ya kusini tunaijua. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipopita, maji yaliikata barabara kuu pale Somanga, na watu wakalala njiani na watoto na mizigo yao. Kwa hiyo muuzaji aliponiambia, "Hili, bosi, linavuta mbele na nyuma," moyo ukatulia. Niliuliza kama litapita kwenye tope. Lilikotoka sikuuliza.

Ilikuwa Ijumaa, nimetoka kuswali, nimevaa kanzu. Nikalizunguka gari mara tatu, nikafungua milango, nikapiga honi, nikawasha kiyoyozi. Kuinama nichungulie chini sikuinama, kwa sababu sakafu ya yadi ilikuwa imelowa oili na kanzu ilikuwa mpya. Muuzaji akainama kwa niaba yangu. "Chini kumepigwa rangi, bosi, safi kabisa." Nikaona kweli weusi unang'aa, nikashukuru kwamba wamelitunza. Nilihifadhi usafi wa kanzu, nikanunua uchafu wa miaka kumi.

Onyo la kwanza lilikuja kwa simu. Binamu yangu anaishi Minneapolis, kule Marekani, ambako majira ya baridi maji hugeuka jiwe na watu hutembea juu ya maziwa. Tulikuwa tunaongea naye kwa video, mama yuko nyuma yangu anapara samaki. Binamu akanyamaza ghafla, kisha akaangua kicheko.

"Kaka, hicho mnachoparia samaki mmekipata wapi?"

Nikamwambia kimekuja na gari.

"Hicho ni cha kukwangulia barafu kwenye kioo! Ninacho mlangoni hapa."

Akatueleza maisha yake ya asubuhi. Huamka robo saa kabla ya saa yake ya kawaida, akaliwasha gari, akafagia theluji kuanzia paani, maana ukiiacha juu itakuteremkia kwenye kioo utakapofunga breki, au itamrukia aliye nyuma yako. Kabla ya kuwasha huhakikisha bomba la moshi halijazibwa na theluji, kwa sababu moshi ukikosa njia huingia ndani ya gari na kuua watu bila harufu ya kuwashtua. Kioo hukwanguliwa taratibu. Maji ya moto hayamwagwi, kwa kuwa kioo cha baridi kikipata moto wa ghafla hupasuka. Usiku waipa huzisimamisha zisigande kwenye kioo.

"Lakini hiyo yote ni kazi ya juu," akasema. "Kinachokula magari huku ni chumvi wanayomwaga barabarani. Barafu haina neno. Kama hilo gari limekuja na hicho kitu, basi limelala kwenye theluji. Mwambie fundi alitazame chini."

Nilicheka. Nikamjibu kwamba theluji yake imeshayeyuka njiani baharini, na Kilwa hatuna hata ya kutia kwenye maji ya kunywa.

Onyo la pili lilitoka Kilwa Kivinje. Mwaka mzima nililitumia gari kama punda. Siku za wikiendi nilishuka nalo hadi mchangani kupakia samaki, maji ya bahari yakigusa ringi. Nililiosha, tena mara mbili kwa wiki, kwa sabuni na kitambaa laini, mpaka watoto wakajitazama mlangoni kama kwenye kioo cha kinyozi. Yote hayo juu.

Siku moja ya bamvua nikamkuta mzee mmoja, fundi wa majahazi, amekipandisha chombo nchi kavu, amelala chali chini yake anapaka deheni, ule mchanganyiko wa shahamu na chokaa unaokinga mbao. Nikamsalimu, akaitikia bila kutoka. Kisha akageuza shingo akayatazama matairi yangu yaliyozama kwenye mchanga wa majimaji.

"Mwanangu, hiki chombo chako unakipandisha lini?"

"Nikipandishe wapi, babu?"

"Nchi kavu. Ukitazame tumbo."

Nikamwambia gari si jahazi. Akasema, "Jahazi lina mbao, hilo ni chuma kitupu. Ningekuwa mimi ningeogopa zaidi." Akarudi kwenye kazi yake.

Maneno yale yalikuwa na asili. Pwani hii ilikuwa na mitepe, vyombo vilivyoshonwa kwa kamba za makumbi bila msumari hata mmoja. Watu waliokaa na bahari karne nyingi walijua chumvi inavyokifanya chuma. Na Kilwa na Lindi tuna mashamba ya chumvi; tunaiona ikikauka kwenye vidimbwi, tunaijaza kwenye viroba. Hata hivyo mimi, mtoto wa hapa, nilidhani chumvi ni kitu cha mboga.

Mwezi wa kumi na nne tangu ninunue gari, tulikuwa tunakwenda Lindi harusini. Mama yuko mbele na kile kikwangulio chake kwenye kikapu, maana alikuwa amepewa zamu ya samaki huko aendako na hakutaka kisu cha mtu. Mama watoto na wanangu walikuwa nyuma. Tulipokaribia matuta ya barabarani pale panapoitwa Hoteli Tatu nikakanyaga breki, pedali ikazama mpaka sakafuni kama iliyokanyaga uji. Gari likapunguza mwendo kidogo tu. Nikavuta gia ya chini, nikapandisha hendibreki, nikalielekeza kwenye mchanga wa pembeni. Tulisimama tumeegemea kichuguu. Mama akauliza tumefika?

Tulipona kwa ufundi wa waliolitengeneza: breki za gari zimegawanywa njia mbili, na njia moja ikitoboka nyingine hubaki na nguvu kidogo. Kidogo hicho ndicho kilichotuokoa.

Fundi alikuja na bodaboda, akapiga jeki, akaingia chini. Akaomba kitu cha kuondolea tope. Mwanangu akakimbilia kikapu cha bibi yake, akarudi na kile cha buluu. Fundi akakwangua mara moja, na ile rangi nyeusi niliyoisifia ikabanduka kama ganda la muhogo uliochemshwa. Nyuma yake hapakuwa na chuma. Palikuwa na kitu chekundu chenye matabaka matabaka, kinachomomonyoka.

"Kaka, njoo uone."

Safari hii niliinama. Akachukua bisibisi, akaisukuma kwenye ubavu ulio chini ya mlango. Ikaingia mpaka kwenye mpini, kama unatoboa papai bivu. Paipu ya breki ilikuwa imetoboka palepale inaposhikwa na kibanio cha plastiki, mahali tope hujificha na kamwe halikauki. Mikono inayoshikilia matairi ya nyuma ilikuwa imevimba kutu. "Hii si ya Kilwa peke yake," akasema. "Hii imekuja nayo. Sisi tumeimalizia."

Nilipofika nyumbani nikaitafuta karatasi ya mnada iliyokuja na gari, ile niliyoikunja bila kuisoma. Gari liliuzwa Sapporo, mji wa kaskazini mwa Japan ambako theluji inayoanguka kwa msimu mmoja ikijumlishwa hukaribia mita 5. Kwenye mchoro wa gari kulikuwa na herufi S na C pembeni ya matairi. S ni ya *sabi*, yaani kutu kwa Kijapani; C ni ya chuma kilichokwisha kuliwa. Karatasi ilikuwa imesema kila kitu. Badala ya kuisoma, nilisikiliza honi.

Sasa nieleze inavyokuwa, maana mimi nililipia somo hili na sioni sababu ya mwingine kulilipia tena. Maji huganda kwenye nyuzi sifuri. Ukiyatia chumvi hayagandi mpaka baridi izidi zaidi, ndiyo maana nchi za theluji humwaga chumvi barabarani ili magari yasiteleze. Japan ilipitisha sheria mwaka 1990 ya kuzuia matairi yenye misumari, kwa sababu yalikuwa yanasaga lami na kujaza vumbi mijini. Tangu hapo chumvi ikabeba sehemu kubwa zaidi ya kazi. Mbali na chumvi ya kawaida, humwagwa pia kloridi ya kalisi, ambayo hufanya kazi kwenye baridi kali zaidi. Hiyo ina tabia mbaya: huvuta unyevu kutoka hewani. Ikiganda chini ya gari, chuma hubaki kimelowa hata siku ya jua.

Kutu huhitaji chuma, maji na hewa, chumvi huiharakisha. Na joto huiharakisha zaidi. Kule baridini kutu hutambaa. Gari likishushwa bandarini Dar na kuletwa pwani yenye joto na upepo wa bahari, kutu huanza kukimbia. Ndiyo maana gari laweza kuonekana zima siku ya kununua na kuoza ndani ya miaka miwili. Na lile gari la kuvuta matairi manne nililolitamani kwa ajili ya tope la Somanga, wenyewe kule walilinunua kwa ajili ya theluji. Sifa niliyoilipia ndiyo iliyoficha kasoro.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla ya kutoa pesa, omba karatasi ya mnada na utafute mtu wa kukusomea mahali lilipouzwa. Sapporo, Aomori, Akita, Niigata: hiyo ni miji ya theluji. Haimaanishi kila gari la huko ni bovu, wala kwamba la Nagoya au Osaka haliwezi kuwa na kutu, lakini ujue la kutazama. Umri hautoshi. Mamlaka ya Mapato huhesabu miaka ya gari na kutoza ushuru wa uchakavu kwa yaliyozeeka. Haikuulizi lililala wapi.

Kisha vua kanzu. Lala chini na tochi. Ukiona rangi nyeusi mpya kwenye gari kuukuu, usifurahi, gonga kwa nyundo ndogo: chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti ya boga. Tazama paipu za breki kwa urefu wake wote, vishikizo vya shokapu, ubavu chini ya milango na mapango ya matairi ya nyuma. Muuzaji akikukataza kugonga, amekwisha kukujibu.

Na kama gari tayari ni lako na unaishi Kilwa, Lindi au popote pwani, usilishushe kwenye maji ya bahari. Ukilazimika, siku hiyohiyo rushia chini yake maji baridi, si ya kisima chenye chumvi. Zibua vitundu vilivyo chini ya milango ili maji yatoke. Kila mwaka lipandishe, kutu ikwanguliwe mpaka kwenye chuma, ikauke kabisa, ndipo upake rangi ya kuzuia kutu na mafuta mazito. Ukipaka juu ya kutu, umeitandikia kitanda. Wazee wa Kivinje hawapaki deheni juu ya mbao zenye uchafu.

Noah ilichomelewa vipande vingi, paipu zote zikabadilishwa, na bei ya kazi hiyo ingenunua mzigo mzima wa ufuta. Sasa bamvua ikifika huwa naipeleka kwa fundi, nami huingia chini yake kwa nguo za kazi. Yule mzee wa majahazi nilimpelekea habari. Hakusema nilikwambia. Aliniuliza tu kama mama yu mzima.

Yu mzima, na kikwangulio kimerudi jikoni. Nilipokichukua siku ile kutoka kwa fundi kilikuwa na magamba ya aina mbili kwenye makali yake, ya samaki meupe na ya kutu mekundu. Mama alikiosha mara tatu kabla ya kukubali kukigusisha changu.