Uzito wa Kusimama

Je, nguvu kubwa humwongezea mtu uhuru? Dereva wa bodaboda aliyezoea Boxer ya cc 150 kati ya Tarime na Nyamongo akipanda BMW R 1250 GS, yenye kilo 249, hagundui ugeni wake kwenye mwendo. Ikishashika kasi, inatulia. Ugeni uko pale inaposimama: mguu ukikanyaga kokoto zinazoteleza, usukani ukiwa umekatwa, pikipiki inalala na hakuna ubavu wa kuizuia. Kwa hiyo nguvu humpima mwenye nayo anapoipunguza.

Mtu atasema kijana huyo amekwisha kubeba magunia na abiria wawili, uzito haumtishi. Kweli, lakini mzigo hushushwa. Uzito huu ni wa mwili wa chombo chenyewe, na kuuzoea huchukua muda. Wakurya hawamfungi dume nira leo na kulima naye leo. Wengine watasema hayo ni maneno ya kuwaridhisha wanyonge. Sikubali: sikatazi kupanda daraja, nakataa kuliita uhuru kabla ya kujifunza kusimama. Isitoshe, nguvu haifungui kila lango: pikipiki haziruhusiwi ndani ya Hifadhi ya Serengeti. Pale langoni, ya milioni nyingi na Boxer zinageuzwa pamoja.