Usiezue Kabla Makuti Hayajafika

Mwanangu, vuta kiti ukae. Chai ingali moto, na mbaazi zimo kwenye sufuria. Juzi ulipita hapa kwangu Matsangoni na wenzako wawili, simu mikononi, mkaniambia mnataka kutengeneza filamu. Mlikuwa na haraka. Mliniuliza swali mkiwa mmesimama mlangoni: filamu za zamani zilizotoka kwenye vitabu vinavyopendwa, zitengenezwe upya au ziachwe zilivyo? Nikawaambia ziachwe. Mkashukuru, mkaenda zenu.

Jibu lile limenikosesha usingizi. Nilijibu upesi kwa sababu nilikuwa nailinda sinema niliyoipenda nikiwa msichana, nikasahau kwamba nilishawahi kukosea katika jambo hilihili. Nimekuita ili nikueleze kosa langu, kisha ndipo nikupe jibu.

Nilipokuwa kigori, shangazi yangu alikuwa akiishi Mombasa. Likizo zikifika, nilipanda basi kwenda kwake. Siku hizo sinema za Kihindi zilikuwa kama sikukuu. Wanawake walioga mapema, wakatia asmini kichwani, wakavaa mabuibui yao, wakaenda kwa makundi. Hatukujua Kihindi. Hatukuhitaji mtu wa kututafsiria pia, maana kilio hakina lugha.

Huko ndiko nilikoiona Devdas, ile ya mwaka 1955 iliyoongozwa na Bimal Roy. Picha zake ni nyeusi na nyeupe. Dilip Kumar ndiye Devdas, Suchitra Sen ndiye Paro, na Vyjayanthimala ndiye Chandramukhi, yule mcheza ngoma anayempenda Devdas bila tumaini. Kisa chenyewe ni chepesi kukieleza. Kijana wa nyumba kubwa anampenda binti wa jirani. Wazee wanakataa. Kijana anakosa ujasiri, anakimbilia Calcutta, anaangukia kwenye pombe. Mwisho anakwenda kufia mlangoni kwa Paro, ambaye sasa ni mke wa mtu. Paro anasikia, anatoka mbio, na lango linafungwa kabla hajafika. Shangazi alitoka sinema leso yake imelowa. Njia nzima hatukusemezana.

Mwanangu, nilikaa na lango lile moyoni miaka zaidi ya thelathini.

Mwaka 2002 Devdas ikatengenezwa upya na Sanjay Leela Bhansali. Binti yangu alikuwa na umri wa miaka kumi na mitano. Akaazima diski kwa rafiki yake, akaja nayo mbio, akaniambia, "Mama, hii ni ile yako!" Tukakaa kutazama. Shah Rukh Khan ndiye Devdas, Aishwarya Rai ndiye Paro, Madhuri Dixit ndiye Chandramukhi. Rangi zilijaa chumba. Majumba yalimetameta, dhahabu kila mahali. Nikavumilia. Tulipofika pale Paro na Chandramukhi wanapokutana na kucheza ngoma pamoja, uvumilivu ukanishinda. Katika ile niliyoijua mimi, wanawake hao wanapishana njiani tu. Wanatazamana, hawasemi neno, kila mmoja anashika njia yake. Nikainuka nikazima televisheni. Nikasema huu ni uongo. Nikamwambia mtoto, "Kipya kinyemi, kingawa kidonda."

Hakunijibu. Aliitoa diski, akaifuta kwa upindo wa leso yake, akairudisha kwenye mfuko wake wa karatasi, akatoka. Baada ya siku ile ilipita miaka kabla hajaniletea tena kitu alichokipenda. Nilikuwa nimezima zaidi ya televisheni.

Binti huyo alipokua akapata kazi katika hoteli moja kule Watamu. Jioni moja akarudi na kitabu ambacho mgeni alikiacha na kusema asiyekuwa nacho akichukue. Kilikuwa Devdas yenyewe, riwaya ya Sarat Chandra Chattopadhyay iliyochapishwa kwa Kibengali mwaka 1917, ikiwa imetafsiriwa kwa Kiingereza. Akaniwekea hapa mezani bila kusema kitu. Nikakisoma polepole, kidole mstari kwa mstari. Nikatafuta pale Paro anapopishana na Chandramukhi njiani. Sikupaona. Nikarudi nyuma, nikasoma tena. Ndani ya kitabu wanawake hao hawakutani kabisa.

Basi nilimfokea mtoto kwa sababu sinema yake iliongeza jambo, na sinema yangu nayo ilikuwa imeongeza. Nilichokuwa nikikiita kitabu kilikuwa ujana wangu.

Na si hilo tu. Sinema yangu yenyewe ilikuwa marudio. Devdas ilikwisha kuigizwa katika miaka ya 1930, ikaongozwa na P. C. Barua, na ile ya Kihindi akaicheza mwimbaji K. L. Saigal. Je, unajua nani aliyeshika kamera katika ile ya Saigal? Bimal Roy, akiwa bado kijana. Alisimama nyuma ya kamera akaona kila kitu kikipangwa, nini kimechukuliwa kitabuni na nini kimeachwa. Kisha akafanya kazi nyingine, akajifunza, akakomaa. Ilipita karibu miaka ishirini ndipo akairudia kwa mkono wake mwenyewe. Miaka ishirini, mwanangu. Nyinyi mlitaka kuanza Jumatatu.

Ndiyo maana leo nabadilisha neno langu. Kurudia si dhambi. Bibi yangu alitusimulia visa vya Katsungula, sungura yule mjanja, usiku baada ya usiku, na hakuna usiku kisa kilichofanana sawasawa na cha jana. Akiona mdogo wetu anaogopa, fisi alipungua meno. Akiona tumegombana mchana, Katsungula alipatana na nduguye. Alikijua kisa chake mpaka kwenye mifupa, kwa hiyo aliweza kukigeuza bila kukivunja. Kujua kwanza, kugeuza baadaye. Hapo ndipo vijana wengi wanapojikwaa, na mimi nilijikwaa papo hapo kwa jambo jingine.

Nilipoolewa, jiko la mama mkwe lilikuwa limeezekwa makuti ya zamani. Yalikuwa yamechakaa, meusi kwa moshi, na panya walikaa humo. Nikataka kuonyesha bidii. Nikawaita vijana, wakaezua paa lote asubuhi moja. Mama mkwe aliniuliza jambo moja tu: makuti mapya yako wapi? Nikamwambia yanashonwa, yatafika kesho. Kesho ikawa wiki. Masika yakaanza. Mvua iliingia jikoni usiku kucha, unga ukalowa, mahindi ya mbegu yakaota ndani ya gunia. Yule mama hakunisema. Aliokota mafiga yake matatu, akayaingiza chumbani kwake alikolala, akatupikia humo mpaka paa liliporudi. Ninapoyakumbuka mafiga yale uso wangu unashuka hadi leo.

Makuti huchakaa, hilo halina ubishi. Kila baada ya miaka kadhaa paa hubadilishwa, na boriti zikiwa imara hubaki zilezile. Lakini fundi mwenye akili hupanda kwanza, akapapasa boriti moja moja, akajua ipi imeliwa na mchwa na ipi ni nzima. Kisha anahesabu makuti yaliyofika. Ndipo anaezua. Kitabu ndicho boriti, mwanangu. Filamu ni makuti. Usiezue kabla makuti hayajafika.

Sasa utaniuliza, nitajuaje kwamba filamu fulani inastahili kurudiwa? Nakupa mfano ninaoubeba tangu shuleni.

Kuna kitabu kinaitwa Mashimo ya Mfalme Sulemani. Kiliandikwa na Mwingereza H. Rider Haggard mwaka 1885, na F. Johnson akakitia katika Kiswahili mwaka 1929. Wazee wengi wa rika langu wamekisoma. Nakala iliyonifikia mimi haikuwa na jalada, imeshonwa kwa uzi wa gunia, na ilinuka mafuta ya taa. Niliisoma kwa koroboi mpaka pua ikawa nyeusi. Wazungu watatu na Umbopa wanavuka jangwa kumtafuta ndugu wa mmoja wao, aliyepotea akitafuta almasi. Umbopa anaonekana mtumishi, kumbe ndiye mfalme wa haki wa nchi wanayoiendea. Lakini aliyenishika mimi ni Foulata, msichana wa nchi ile. Wanamwokoa asiuawe, naye anamuuguza mmoja wao mpaka anapona. Kule pangoni ajuza Gagool anapotaka kuwafungia kwa jiwe, Foulata ndiye anayemkamata. Gagool anamchoma kisu, na binti anafia humo. Nililia mpaka mama akaja kuzima koroboi.

Miaka mingi baadaye nikaiona filamu yake ya mwaka 1950 kwenye televisheni. Stewart Granger na Deborah Kerr ndio waigizaji wake wakuu. Ni filamu nzuri ya kutazama. Ilipigwa Kenya, Uganda, Tanganyika na Kongo, na ikapata Oscar ya upigaji picha na ya uhariri. Nilipoona nchi zetu zimepigwa vizuri vile, nilifurahi. Kisha nikaanza kumngoja Foulata. Nikamngoja mpaka mwisho. Hakuja. Mahali pake palikuwa na mwanamke wa Kizungu ambaye kitabuni hayumo. Ile ya mwaka 1937, ambayo Paul Robeson aliigiza Umbopa, nayo ilikuwa imeongeza mwanamke wa Kizungu. Ya mwaka 1985 ikaongeza tena.

Umeona? Hadithi imerudiwa mara kadhaa, na walioirudia ni kama waliangalia filamu zilizotangulia kuliko kitabu. Na kitabu chenyewe kina upungufu wake. Anayesimulia ni mwindaji Mzungu, na watu wa nchi tunawaona kwa macho ya mgeni. Akija kijana akaniambia, "Mama, nataka kuirudia kwa ajili ya Foulata, aseme yeye," nitamwandalia chai na kumpa baraka. Huyo ana sababu. Lakini anayetaka kuirudia kwa sababu kamera za siku hizi zina rangi zaidi, nitamshauri angoje.

Na kuna jambo jingine ambalo halinitoki moyoni. Tunabishana juu ya kurudia sinema za wengine, hali vitabu vingi vya Kiswahili havijaigizwa hata mara moja. Kimoja kimebahatika: Shafi Adam Shafi aliandika Vuta N'kuvute, ikachapishwa mwaka 1999. Ni hadithi ya Zanzibar ya miaka ya 1950, ya Yasmin aliyeozwa akiwa bado mtoto kwa mume mzee, akatoroka, akakutana na Denge, kijana anayepigania uhuru. Amil Shivji akaifanya filamu, na mwaka 2021 ikaonyeshwa katika tamasha la Toronto huko Kanada. Kati ya kitabu na filamu ni miaka ishirini na miwili. Nilipoitazama nilisikia Kiswahili changu kikizungumzwa bila kukimbizwa, kimya kikiachwa kiwe kimya. Si kila kilichomo kitabuni kimo humo, maana riwaya ni ndefu. Mambo mengine yameachwa. Huenda siku moja wewe ndiye utakayeyaokota, na mimi nitakuwa sipo kukuzimia televisheni.

Basi nakusihi haya, mwanangu. Soma kitabu mara mbili kabla ya kugusa simu. Mara ya kwanza usome kwa raha. Mara ya pili usome kama fundi anayepapasa boriti. Kisha tazama filamu ya zamani mpaka mwisho, hata kama inakwenda taratibu kuliko ulivyozoea. Mwulize mtu aliyeipenda kwa nini aliipenda, na umsikilize asipojibu upesi. Halafu andika kwenye karatasi kitu kimoja ambacho waliotangulia walikiacha na wewe huwezi kukiacha. Usipokipata, hadithi hiyo haijakuita bado. Tafuta nyingine. Na ukiirudia, usiidharau ya kwanza. Itunze, waonyeshe wadogo zako zote mbili. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Nasi wazee tuna letu la kujifunza. Mtoto akileta anachokipenda, tukae tukitazame mpaka kiishe. Mwaka jana binti yangu alikuja likizo. Nikamwomba aitafute tena ile Devdas yake. Tukaitazama yote, ngoma ile ikiwemo. Madhuri Dixit anacheza vizuri sana, mwanangu. Lango lilipofungwa mwishoni tulilia sote wawili, na nikamwomba radhi.

Kitabu changu cha Mashimo kimo sandukuni, kimefungwa kwa kitambaa. Kurasa chache zimeliwa na mchwa, lakini za Foulata ni nzima. Njoo Jumamosi ukichukue. Usinirudishie kabla hujakimaliza.