Haki ya Kugombezwa

Kuna kauli inayosikika karibu katika kila nyumba yenye kijana aliyeugua akili, na aghalabu anayeitoa ndiye mwenye huruma kuliko wote waliopo: "Msimjali, si yeye huyo." Kijana amemtukana shangazi yake mbele ya wageni, au amemwaga uji sakafuni kwa kuwa ameona ndani ya bakuli kitu ambacho wengine hawakioni, na kabla baba hajafungua kinywa bibi ameshainua mkono. Si yeye. Ni maradhi. Baba anameza hasira, wageni wanatazama pembeni, mambo yanapita. Kauli hiyo imewaepusha vijana wengi na kipigo, na anayeitoa hastahili kubezwa. Hata hivyo nataka kuitilia shaka, maana inampa kijana kitu kimoja na kumnyang'anya kingine, na kile anachonyang'anywa hakuna anayekidai kwa niaba yake.

Kwanza tukumbuke nyumba ilikuwaje kabla ya kauli hiyo. Magonjwa mengi ya akili huanza kujitokeza katika umri wa balehe na ujana. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mmoja kati ya kila vijana saba wa miaka 10 hadi 19 anaishi na tatizo la afya ya akili. Ndio umri huohuo ambao watu wazima wamejiandaa kuona visirani. Kijana akijifungia chumbani, ni ujana. Asipooga, ni uvivu. Akicheka peke yake, ni hizi simu. Matokeo ya kidato cha pili yakiporomoka, mwalimu anasema kiburi, jirani ananong'ona bangi, baba anavua mkanda. Kwa miezi mingi, pengine miaka, mtoto anahukumiwa kwa kila linalotokea. Halafu siku moja daktari, wa Mirembe au Mathari au wa hospitali ya wilaya, anautaja ugonjwa kwa jina, na hukumu yote inapinduka. Aliyekuwa na hatia ya kila jambo sasa hana hatia ya lolote. Hakuna hata wiki moja katikati ya hali hizo mbili.

Mwaka 1962 mwanafalsafa wa Kiingereza P. F. Strawson alitoa mhadhara alioupa jina la "Freedom and Resentment", na sijui andiko jingine la kifalsafa linaloingia sebuleni mwa familia kama hii kwa urahisi vile. Alisema hivi: tunapoishi na watu kama watu, matendo yao yanatugusa kwa sababu tunaiona nia nyuma yake. Ukinikanyaga kwa kusudi nakasirika, ukinisaidia nakushukuru, ukiniomba radhi naweza kukusamehe au kukataa. Hasira, shukrani, kinyongo na msamaha ni namna zetu za kukiri kwamba upo. Ipo pia namna ya pili ya kumtazama mtu, yaani kama jambo la kushughulikiwa: atibiwe, adhibitiwe, aelekezwe, aepukwe. Ukishamtazama hivyo waweza bado kumwogopa, kumhurumia, hata kumpenda kwa aina fulani ya mapenzi. Usichoweza ni kugombana naye. Labda ujifanye tu unagombana. Mifano ya Strawson ya watu tunaowatazama kwa jicho hilo ilikuwa pamoja na mgonjwa wa akili na mtoto. Kijana wa miaka kumi na sita aliyeugua anaangukia kotekote.

Mafundisho ya Kiislamu yameligusa hili kwa karne nyingi: kalamu inayoandika matendo imeinuliwa kwa aliyelala hadi aamke, kwa mtoto hadi abalehe, na kwa mwenye wazimu hadi akili imrudie. Watu hukumbuka zaidi kule kuinuliwa. Mimi navutiwa na upande wa pili, kwamba kila mmoja wa hao watatu amewekewa kikomo. Sheria haikumfuta mtu, ilimsubiri. Na kijana huyu ana mkosi wa pekee, kwa kuwa kalamu yake imeshuka juzi tu. Ameanza kufunga Ramadhani kwa wajibu, si kwa mazoezi. Ameanza kutumwa benki na kuachiwa funguo. Mara kalamu inainuliwa tena, kabla hajaandikiwa hata ukurasa mmoja mzuri. Atakapopata nafuu, nani nyumbani atathubutu kuishusha?

Nitaeleza nyumba moja ya Tanga ninayoifahamu. Mtoto wa kiume alianza kusikia sauti akiwa kidato cha tatu. Katika siku mbaya kuliko zote alimpokonya mama yake simu, akidai ndani yake kuna watu wanaomtaja, na katika purukushani akampopotoa mkono. Leo anapata dawa, analala sana, amenenepa, na kwa wiki nyingi mfululizo yu mzima kiasi cha kumaliza kazi za hesabu ambazo kaka zake walizishindwa. Lakini sikiliza wanavyozungumza naye. Akisema mchuzi umezidi chumvi, wanamuuliza, "Umemeza dawa?" Akikataa kwenda kwa mjomba ambaye kila mtu anajua ni mlevi, "Umemeza dawa?" Akikaa kimya, wanaulizana wao kwa wao, naye yupo hapohapo. Akiosha vyombo bila kuambiwa, mama anainua mikono kumshukuru Mungu na kusema dawa zimekubali.

Hapa ndipo ninapoona gharama ya "si yeye huyo". Ubaya wake ukiwa si wake, na wema wake haukai muda mrefu mikononi mwake. Unahamia kwenye kidonge. Malalamiko yake hayawi tena hoja inayoweza kuwa kweli au uongo, yanakuwa dalili. Na mchuzi ule, niongeze, ulikuwa umezidi chumvi kweli.

Mtu mmoja tu ndani ya nyumba ile hakubadilika, naye ni mdogo wake wa kike, wa miaka kumi na miwili. Yeye aliendelea kugombana naye kuhusu chaja, kuhusu rimoti, kuhusu nani kamaliza maji ya kuoga. Watu wazima walimkemea: kaka yako mgonjwa, mwache. Akajibu kwamba ugonjwa haumalizi maji. Niliwahi kumwona kijana akijitetea mbele yake kwa dakika nzima, kwa ushahidi na mpangilio, na uso wake ulikuwa na uhai ambao sikuuona mama alipomlisha kwa mkono.

Atakayenipinga ana silaha nzito, na haki inadai niitaje. Miaka ya 1950, mwanasosholojia George Brown aliwafuatilia wagonjwa waliotoka hospitali za akili Uingereza, na akakuta kwamba waliorudi kwa wazazi au wake zao walifanya vibaya kuliko waliokwenda kwa ndugu zao au waliopanga chumba. Tafiti zilizofuata zilitafuta ni nini hasa ndani ya nyumba kinachomrudisha mtu wodini, na zikataja kukosoakosoa na uadui. Je, basi, nahubiri ugomvi unaoua? Ila orodha ile ina jambo la tatu: kujiingiza kupita kiasi, yule mzazi anayelia kila siku, anayejitoa mhanga, asiyemwachia mgonjwa hata kufunga vifungo vyake. Huruma isiyo na mipaka iliwekwa fungu moja na chuki. Nadhani vinafanana katika hili, kwamba vyote viwili havimwachii mtu nafasi. Msichana wa Tanga hakumkosoa kaka yake kwa jinsi alivyo, alimdai maji.

Kuna jambo jingine kuhusu lawama ambalo familia hulijua kabla ya wanafalsafa: ikitolewa kwa mmoja hutafuta pa kwenda. Mwaka 1948 daktari Frieda Fromm-Reichmann aliandika kuhusu mama ambaye malezi yake ndiyo huzaa skizofrenia. Nadharia hiyo imeshatupwa, lakini kwetu ingali hai kwa majina mengine: upande wa mama kuna wehu, alimdekeza, alikwenda kwa mganga akakiuka masharti. Kumsafisha mtoto kwa kumchafua mama si uponyaji.

Zanzibar, mtafiti wa Kimarekani Juli McGruder alikaa karibu na familia za wagonjwa wa skizofrenia, akaona kitu ambacho wenyeji hawakukiona kuwa cha ajabu. Shetani akipanda, mgonjwa aliachwa, alisomewa, alinyweshwa kombe. Akishuka, yule mtu alirudi kwenye nafasi yake bila sherehe, akatumwa dukani kama jana. Maradhi yalipokewa kama mtihani wa Mungu, na hamaki ilikuwa ndogo. Simpambi mtu: imani hizohizo, kwingineko, zimefunga watoto kamba na kuchelewesha dawa ambazo zingewasaidia, na nisingependa mtoto yeyote anyimwe dawa kwa ajili ya falsafa yangu. Lakini huku kwenye hospitali mtu hupewa jina la ugonjwa na kadi ya kliniki, na mara nyingi hakuna anayemwambia ni lini ataruhusiwa kuwa mwenyewe tena.

Najua swali linalomkabili mzazi: wakati ule, sekunde ile, nitajuaje kama ni yeye au ni maradhi? Hujui. Mara nyingi hata yeye hajui. Lakini ugomvi haulazimiki kufanyika sekunde ile. Baba wa nyumba ile, mtu mkali aliyefunzwa na mambo, amezoea kusema, "Hili tutalizungumza Ijumaa." Ijumaa, kijana akiwa ametulia, anamuuliza: Jumanne ulivunja kioo, ulikuwa unataka nini? Wakati mwingine jibu ni sauti, na baba anaandika kwenye daftari la kwenda nalo kliniki. Wakati mwingine jibu ni, "Nilikuwa na hasira kwa sababu mlinizuia kwenda mpirani." Hapo kioo kinalipwa, kidogo kidogo, kutoka kwenye hela yake ya vocha. Mpaka kati ya mtu na ugonjwa wake haukuwepo mahali ukisubiri kugunduliwa. Wanauchora wote wawili, na wanaukosea mara kwa mara.

Mama ndiye aliyekawia. Kijana alimfuata jioni moja jikoni akamwomba radhi kwa ule mkono. Akajibiwa jibu la mapenzi kuliko yote: "Hukunikosea kitu, mwanangu, ulikuwa unaumwa." Kijana akasimama kidogo, akaondoka. Alikuwa amekwenda na kitu kizito mikononi, akaambiwa hana kitu. Na mama naye alibaki na maumivu yasiyo na mwenyewe, maana huwezi kumsamehe mtu ambaye hakufanya, na usiyemsamehe hamwishi kuogopana. Aliniambia kwamba kwa miezi alilala na mlango umekomewa huku akisema hana kinyongo, na vyote viwili vilikuwa kweli.

Kijana aliomba tena, baada ya Idi. Safari hii mama alimwambia: uliniumiza, na mpaka leo nikikamua nguo mkono unauma. Akasema basi nguo atakamua yeye. Anazikamua vibaya, maji yanachuruzika mpaka barazani, na mama anamgombeza kila Jumamosi.